Begi lilibebwa mchana kweupe Nyerere Square: kisa cha mpiga picha wa harusi Dodoma

Hiki kisa wapiga picha wa hapa Dodoma wamekizungumza sana na kila mtu anakisimulia kivyake, wengine wanasema jamaa alipuliziwa dawa, wengine wanasema dereva wa bajaji alikula njama, kuna mmoja kaniapia kabisa kwamba ni mambo ya kishirikina. Nimekaa na mwenye kamera, nimekaa na dogo anaemsaidia, nimeongea na mjumbe mmoja wa kamati ya harusi, na naandika hapa nilichoelewa. Hakuna dawa na hakuna uchawi, ni kitu cha kawaida kabisa na ndo maana kinatisha. Majina sitaji wala tarehe, kesi bado ipo mahakamani.

Ilikuwa jumamosi ya kiangazi, upepo wa Dodoma ule mnaujua, vumbi na shela vinagombania hewa. Ibada imeisha mida ya saa nane, maharusi wakapelekwa Nyerere Square wapige picha kabla ya kwenda kupumzika na usiku ukumbini. Pale ni katikati ya mji, kuna wapita njia, kuna wauza karanga, na jumamosi unaweza kukuta harusi nyingine nayo inapiga picha pembeni yenu. Timu ya picha ilikuwa watu wawili tu. Kaka mwenyewe anashuti na Canon R6 ina lenzi ya 24-70, mkanda umezunguka shingoni, hiyo haikuguswa na mtu. Dogo kashika rifulekta, lile bango la kurudishia mwanga usoni. Video walikuwa watu wengine kabisa, wameletwa na upande wa bwana harusi na hata hawajuani na hawa wa picha, walikutana palepale kanisani. Kumbukeni hilo la watu wa video maana litarudi.

Begi lilikuwa kwenye ukingo wa bustani, hatua kama nne tano kutoka kwa dogo. Ndani kuna Canon 5D Mark IV ya akiba, kuna lenzi ya 70-200 ile nyeupe, kuna lenzi ya 85, flashi mbili, betri, chaja, na kipochi cha memori kadi. Ukipigia bei ya vitu vilivyotumika ni kama milioni nane hivi. Hela ya kazi ile nzima ukiweka na albamu haifiki robo yake, na hiki kitu watu wengi wanaotuita kwenye sherehe hawakijui, wanaona umevaa kamera wanajua unatengeneza hela, hawajui umevaa mkopo.

Sasa sikiliza dakika zenyewe. Matarumbeta yameshafika, yako juu ya pickup yanapiga, mwenyekiti wa kamati anapiga makofi "jamani twende twende", magari ya msafara yamepaki vibaya barabarani na kila mtu anataka kuondoka, imebaki picha moja ya mwisho ya ukoo mzima. Hiyo picha ya ukoo mnaijua. Wazee mbele, watoto wanakimbia, kuna shangazi hayupo anatafutwa. Jicho la kaka liko kwenye kamera. Dogo kashika rifulekta mikono miwili kwa sababu ya upepo, akiachia mkono mmoja tu inageuka tanga la jahazi. Akaja jamaa wa makamo, shati la kitenge, suruali imepigwa pasi, kiatu safi. Akamwambia dogo, "Dogo, begi la picha ndo hili? Bosi wako kasema liende na gari la maharusi, ile Noah yenu imejaa." Dogo akamuangalia kaka, kaka anaita "mama wa kushoto sogea kidogo". Dogo akajibu, "Sawa kaka, ila taratibu, lina vitu vya kuvunjika." Jamaa akasema usijali, akalibeba begani, akaondoka anatembea. Hakukimbia. Njiani akamwamkia mama mmoja wa familia, "Shikamoo mama," akajibiwa "Marahaba baba, mungu awabariki kwa kazi."

Basi, wizi umeisha hapo.

Upande wa bibi harusi walimuona na wakajua ni wa upande wa bwana harusi. Upande wa bwana harusi walimuona wakajua ni wa upande wa kike, au ni wa kamati. Kamati walimuona wakajua ni mtu wa video. Watu wa video nao walimuona wakajua ni mtu wa picha. Yani watu zaidi ya hamsini wamemshuhudia mwizi anabeba mali na kila mmoja alikuwa na maelezo mazuri kichwani ya kwanini yule mtu ana haki ya kulibeba lile begi. Nilipomuuliza yule mjumbe wa kamati akaniambia kitu ambacho sijakisahau, kwamba kama jamaa angekuja na kaptula na kandambili angekamatwa kabla hajafika barabarani. Harusi zetu zinakutanisha koo mbili zisizojuana, halafu wote wamevaa vizuri, halafu wote wanaheshimiana, hakuna anaethubutu kumuuliza mtu mzima "samahani wewe ni nani?" maana unaweza ukawa umemuuliza baba mkwe mdogo.

Kugundua walichelewa mno. Kaka alikuja kulihitaji begi walipofika kwenye hoteli waliyopumzikia maharusi, alitaka kubadilisha lenzi. Akamuuliza dogo, dogo akasema liko gari la maharusi kama ulivyosema. "Nilisema saa ngapi?" Hapo ndo moyo ukaanza kwenda mbio, lakini hata hivyo hawakufikiria wizi, walifikiria limechanganywa magari, wakaanza kupigia madereva mmoja mmoja, mmoja hapokei, mwingine kaenda kuweka mafuta, mwingine anasema kuna begi jeusi hapa kumbe ni la nguo za matroni. Ikapotea kama saa nzima hivi. Saa nzima kwa mwizi ni nyingi sana, ndani ya saa moja mtu anafika stendi ya Nzuguni, anapanda basi na anakuwa keshaanza kula korosho dirishani.

Alafu likatokea jambo ambalo kwangu mimi ni baya kuliko wizi wenyewe. Vijana wawili wa familia wakamkumbuka dereva wa bajaji aliebeba stendi za taa na dogo asubuhi. Wakamfuata nje, mmoja kamshika kola, mwingine keshaanza kupaza sauti ile ya "mwizi". Yule dereva alikuwa amerudi mwenyewe kwa hiari yake kuleta stendi moja iliyosahaulika kwenye bajaji! Bahati nzuri mzee mmoja, mjomba wa bibi harusi, akaingia katikati akawaambia kwa ukali, mwacheni kijana wa watu, mwizi gani anarudi na kuleta vitu. Nchi hii watu wameuawa kwa neno hilo moja kusemwa kwa sauti mtaani, na wengine waliouawa hawakuiba chochote. Kamera milioni nane, bima au bila bima, haifiki hata kucha ya mtu. Ukiibiwa kwenye umati tafuta askari au mlinzi, piga 112, usimnyooshee mtu kidole kwa sababu tu alikuwa karibu.

Sasa tuje kwenye uchambuzi, maana wengi wanaishia kusema dogo ni mzembe. Mimi nakataa. Dogo alipewa kazi mbili ambazo haziwezi kufanywa na mtu mmoja. Rifulekta kwenye upepo ule inataka mikono yote na macho yote, unatakiwa uangalie mwanga unatua wapi usoni kwa bibi harusi. Begi nalo linataka macho. Na hakuna mahali popote asubuhi ile ambapo kaka alisema "leo begi ni la fulani". Lilikuwa la wote, hivo halikuwa na mtu. Na kaka mwenyewe kwa asili ya kazi yake ni kipofu akishuti, ukiweka jicho pale dunia inakuwa kile kiboksi tu, mtu anaweza kukuvua viatu. Ukiiangalia hivo, lile begi liliibiwa asubuhi nyumbani wakati wanagawana kazi, saa tisa mchana mtu alikuja tu kulichukua.

Kingine, jamaa alisema "bosi wako kasema". Kwa umri ule na shati lile, dogo wa miaka ishirini na kidogo wa kitanzania atabisha vipi? Tumelelewa hivo, mkubwa akisema bosi wako kasema unasema sawa kaka. Ili dogo aweze kukataa lazima awe amepewa ruhusa ya kukataa kabla, tena kwa maneno kabisa, kwamba begi hili haliondoki mpaka mimi mwenyewe nikuambie kwa mdomo wangu, hata aje baba wa bibi harusi. Akiwa na hiyo sentensi anaweza kumjibu mtu mzima kwa adabu, "Samahani mzee, nimeambiwa nisiachie mpaka kaka aseme mwenyewe," na mwizi wa aina ile hapo anaaga na kuondoka, kwa sababu silaha yake yote ni heshima yetu.

Kuna waliosema kaka anatakiwa amkate dogo mshahara. Dogo analipwa elfu thelathini kwa siku. Milioni nane kwa elfu thelathini piga hesabu mwenyewe. Kaka hakumkata na wala hakumfukuza, na nadhani ni uamuzi wa kiutu na pia wa kibiashara, kwa sababu huyo dogo ndo shahidi namba moja, ndo aliemuona mwizi uso kwa uso na kuongea nae. Ukimfukuza kwa matusi jumamosi, jumatatu utampata wapi akatoe maelezo polisi?

Wajuaji wameshauri mengi na mengine ni ya maana, mengine ni ya kwenye video za Ulaya. Wa kwanza wanasema begi liwe mgongoni muda wote. Lenzi ile ya 70-200 peke yake ni karibu kilo moja na nusu, bodi ya 5D, yani kamera bila lenzi, na betri yake karibu gramu 900, weka flashi, betri, 85, chaja, na begi lenyewe. Ushuti nalo kuanzia kanisani saa nne hadi ukumbini saa sita usiku, unainama, unachuchumaa, unapanda juu ya kiti? Labda kijeshi. Kinachowezekana ni kugawanya. Vitu vya thamani kubwa viwe vichache na viwe mwilini, yani kamera mbili zote kwenye mikanda ya mabegani, lenzi moja kwenye mkoba mdogo wa kiunoni, na begi kubwa libaki na makorokoro ambayo yakiibiwa unaumia ila hufilisiki. Kaka alikuwa na bodi ya akiba imelala ndani ya begi kutwa nzima. Bodi ya akiba ikiwa begani inafanya kazi na inalindwa, ikiwa kwenye begi ni zawadi.

Wa pili wanasema AirTag. Hii imesemwa na kila mtu kama vile ni polisi wa kutumwa. AirTag ilitoka 2021, ni kidude kidogo kinatumia betri ya CR2032, hakina laini wala GPS ndani, kinachofanya ni kutoa ishara ya bluetooth na iphone yoyote inayopita karibu ndo inaripoti kipo wapi. Kuisajili lazima uwe na iphone au ipad, na kaka anatumia Samsung, kwa hiyo angehitaji kidude cha aina nyingine kinachoendana na simu yake. Ila kikubwa ni kwamba watu wanaiweka kwenye mfuko wa begi, na begi ndo kitu cha kwanza kutupwa. Alafu hivi vidude siku hizi vinamjulisha mtu kwenye simu yake kwamba kuna kitu kisichojulikana kinatembea na wewe, imewekwa hivo makusudi ili watu wasifuatiliwe kwa siri, sasa mwizi mwenye simu nzuri nae anajulishwa. Sisemi msiweke. Wekeni, na kishonewe ndani ya bitana la begi, kwa saa ya kwanza ile ambayo wao walikuwa wanapigia madereva simu ingewaambia begi haliko kwenye msafara, na hiyo tu ingetosha. Ila usije ukaifuata hiyo nukta kwenye ramani peke yako usiku Chang'ombe, nenda na askari.

La kufunika nembo za kamera kwa tepu nyeusi naliunga mkono japo linachekwa. Lenzi nyeupe ya Canon inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara na asubuhi kanisani kaka aliitumia. Mimi naamini yule jamaa alianzia kanisani, aliwaona, akajua nani bosi na nani dogo, akajua Noah ni ipi. Asingejua hayo kwa kupita tu pale Square. Ni hisia yangu, ushahidi wake sina.

Kufuli na mnyororo wa kufungia begi kwenye nguzo au benchi ni kitu kizuri kwa wanaopiga picha za mandhari wakiwa peke yao, au mtu anaeshuti maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni anakaa sehemu moja siku nzima. Kwenye harusi mnahama kila dakika ishirini utachoka kufungua. Na wale wanaoacha begi ndani ya gari eti gari limefungwa, basi angalau liwe kwenye buti na uliweke kabla hujafika eneo la kazi, ukilifungua buti mbele ya watu ukaweka begi ukafunga ukaondoka umeshatangaza.

Kitu alichofanya vizuri, na hiki ndo kilichookoa harusi yenyewe. R6 ina sehemu mbili za kadi. Alikuwa ameiseti kadi ya kwanza iandike RAW, yani faili ghafi la picha, na ya pili iandike JPEG, picha ya kawaida, na ya pili ni kubwa haitoki kwenye kamera siku nzima. Kadi za RAW za kanisani zilijaa akazibadilisha na zikaenda na kile kipochi ndani ya begi, zimepotea moja kwa moja. Ila JPEG zote za ibada, pete, kiapo, mama analia, vilikuwepo kwenye kadi ya pili shingoni mwake. Familia wakapata albamu yao na wakamlipa salio lote bila maneno. Fikiria angekuwa anatumia kadi moja moja na kuzitupia kwenye begi. Kamera utanunua nyingine ukikopa, ila huwezi kuwarudisha watu kanisani wakaape tena. Kadi zilizojaa zinakaa mfuko wa suruali wenye zipu, hilo halina mjadala.

Jioni ileile, kabla ya ukumbi, alienda polisi kuripoti. Kuna mtu alimshauri afanye ripoti ya mali iliyopotea kwa njia ya mtandao kwa sababu ni haraka, akawa amekataa na alikuwa sahihi. Ile ni ya kitu ulichopoteza mwenyewe, kitambulisho, laini, cheti. Kuibiwa ni jinai, unaenda kituoni unatoa maelezo, jalada linafunguliwa, unapewa RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Askari wa zamu akamuuliza swali moja tu la maana, "Seriali namba unazo?"

Hapa ndo wengi wetu tunaanguka. Ile 5D aliinunua mkononi kwa mtu Kariakoo, haina boksi haina risiti. Namba imechapwa chini ya bodi ila bodi yenyewe si ndo imeibiwa. Ila kaka akakumbuka kitu, kamera za Canon zinaandika namba ya bodi ndani ya kila picha zinayopiga. Akarudi nyumbani akafungua hard disk yenye picha za zamani za hiyo 5D kwenye kompyuta ya Windows, akabonyeza mausi upande wa kulia juu ya picha moja, akaingia Properties, kisha Details, akashuka chini, ile pale, Camera serial number. Ndo ileile inayochapwa chini. Haihitaji programu yoyote. Sharti liwe faili lenyewe lililotoka kwenye kamera, picha iliyopita WhatsApp au Instagram taarifa hizo zinakuwa zimefutwa. Na msitegemee kila kampuni ifanye hivyo, kaangalie ya kwako leo kabla haujaibiwa. Kwa lenzi ilikuwa tofauti, ile 70-200 ni ya toleo la zamani na kwenye faili sehemu ya namba ya lenzi ilikuwa imejaa sifuri tupu. Bahati lenzi aliinunua dukani na boksi lake lilikuwa juu ya kabati, namba ikapatikana kwenye boksi. Ya 85 na flashi hakuwa nazo kabisa, na polisi ziliandikwa tu "flashi mbili nyeusi". Flashi mbili nyeusi Tanzania hii ziko ngapi?

Namba zikapatikana, akaziweka kwenye makundi ya wapiga picha, Dodoma, Singida, Morogoro, Iringa, Dar, mpaka kwa mafundi kamera. Hakuweka stori ndefu wala picha ya kulia, aliweka aina ya kitu, namba, namba ya RB na simu yake. Kuna watu walimwambia unajisumbua. Baada ya wiki kadhaa akapigiwa simu kutoka Singida, kama kilomita 240 kutoka hapa, kijana mwenye studio ya picha za paspoti kaletewa 5D kwa bei ya kutupa. Yule kijana alikuwa mjanja, akamwambia muuzaji niache niipime kwanza, akasoma namba chini, akalinganisha, alafu akaingia kwenye menyu ya kamera sehemu ya taarifa za hakimiliki. Mle ndani kulikuwa na jina la kaka na namba yake ya simu. Aliziandika siku aliyoinunua na akasahau. Mwizi wala hakujua kama sehemu hiyo ipo, kamera ilizunguka wiki zote hizo inatembea na jina la mwenyewe tumboni.

Na hapa kijana wa Singida alijiokoa yeye mwenyewe pia. Kununua mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na "mimi nilijua ni ya kwake" haikubebi kama bei ilikuwa ya kutupa na hukuuliza chochote. Wanaonunua kamera mkononi bila kuangalia namba wala kuandikishana wajue wanacheza na nini. Kaka kidogo apande basi kwenda mwenyewe na washkaji wawili, nikafurahi aliposikia ushauri akapeleka taarifa kituoni na polisi wa huku wakawasiliana na wa Singida. Muuzaji akakamatwa nayo mkononi.

Na hiyo namba ikawa na kazi nyingine mahakamani. Mtu akikutwa na mali iliyoibwa muda si mrefu, mahakama inaweza kumuhesabu kuwa ndie mwizi asipotoa maelezo ya kueleweka ameipata wapi, lakini Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba kuna mambo lazima yathibitike: mali imekutwa kwake, mwenye mali ameitambua bila shaka na ni ya kwake, imeibwa karibuni, na ndio hiyohiyo iliyotajwa kwenye shtaka. Sasa kuitambua 5D kwa kusema "ni nyeusi ina mkwaruzo pembeni" wakili mzuri anakutoa nayo jasho, 5D zote ni nyeusi na zote zina mikwaruzo. Namba kwenye maelezo ya polisi, namba kwenye picha za miaka iliyopita, namba chini ya bodi, jina kwenye menyu, hapo hakuna pa kutokea.

Ila msidhani kupatikana ni kurudishiwa. 5D sasa ni kielelezo, inakaa polisi mpaka mahakama itoe amri, na kesi inaahirishwa kama kesi zinavyoahirishwa. Lenzi, 85, flashi na begi havijaonekana mpaka leo, mtuhumiwa anasema kamera aliuziwa na mtu asiemjua.

Bima je. Hakuwa nayo, na baada ya hapo akaanza kuzunguka kwenye makampuni, na nilimsindikiza mara moja. Zipo bima za vifaa vya kuhamahama, ila kabla ya kusaini omba wakuonyeshe vitu visivyolipwa. Kuna mikataba ya bima inadai lazima kuwe na dalili za kuvunja au kutumia nguvu, na kuna inayokataa kabisa hasara iliyotokana na kulaghaiwa, yani ukiwa umekikabidhi kitu kwa hiari yako. Sasa rudi kwenye kisa chetu: hakuna kilichovunjwa, dogo aliulizwa na akasema sawa kaka. Hata angekuwa na bima ya hivo angelipia kila mwaka na siku ya siku angeambiwa pole. Muulize wakala swali hilohilo kwa mfano huohuo wa harusi, na jibu lake liwe kwenye maandishi. Ukiona anakwepa, TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ofisi zao zipo hapahapa Dodoma.

Siku hizi kaka anaenda na mtu wa tatu, binamu yake, hashiki kamera wala taa, kazi yake ni kukaa na begi, analipwa elfu ishirini na chakula cha harusi na hiyo hela imeingizwa kwenye bei anayompa mteja. Kuna wateja wanalalamika mbona watu watatu. Anawaambia mmoja ni wa vifaa, wanakubali. Na kwenye kikao cha mwisho na kamati anaomba kitu kingine, mtu mmoja kutoka kila upande ajulishwe kwa watu wa picha na video, sura kwa sura, ili akija mtu kusema "kamati imesema" kuwe na wa kumuuliza.

Bodi ya pili bado hana. Jumatano kanipigia, ana harusi jumamosi mtaa wa Kisasa na anataka nimuazime yangu. Nimemwambia aje aichukue, ila aje na binamu.